Kiungo Kilichopozwa kwa Maji

Neema, mtoto wa Maman yako,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naisikia kupitia ukuta: unafunga sanduku, unalifungua, unalifunga tena. Maman yako angekuwa humo ndani mngekuwa mnabishana juu ya sweta. Mimi nimekaa huku sebuleni na kalamu yangu ya bic, naandika, kwa sababu mdomo wangu unaujua, umezoea kutoa amri tu. Ukiniambia niseme jambo la moyoni nitakutuma ulete msumeno.

Sitakuandikia uvae nini Kigali wala usimwamini nani. Hayo Maman mudogo Vumilia amekwambia mchana kutwa, na kama namjua mdogo wa Maman yako, atakupigia simu njiani akuambie tena. Kazi pia sikufundishi. Kiwanda kilichokuchukua kinatengeneza tiyo, mabomba ya maji, yale yale meusi tuliyounga mimi na wewe tangu umalize shule, na mikono yako imekuwa mizuri kuliko yangu. Nilikuambia hilo lini? Sikumbuki kukuambia. Bon, sasa nimeliandika.

Nina jambo moja. Naogopa kwamba unaondoka hapa ukiwa umepoa vibaya, na aliyekupoza ni mimi.

Niache nieleze kama fundi, maana kwa njia nyingine nitapotea. Unajua tunavyofanya. Tunaparua nyuso za tiyo mbili mpaka ziwe safi, tunaweka sahani ya moto katikati, plastiki inalainika mpaka inatoa mdomo mdogo pande zote. Tunatoa sahani haraka, tunazikutanisha, tunakaza chuma cha kushikilia. Watu wanaotutazama hudhani kazi imekwisha hapo. Kumbe hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, kazi ya kutofanya kitu. Hugusi, husukumi, hupulizi. Unangoja ipoe yenyewe, na chuma kikiwa bado kimekaza.

Chef aliyenifundisha tiyo, nilipokuwa navuka kwenda Bukavu kujifunza, Mushi mmoja kwa kabila, mwenye mdomo mkali, alisema ndani ya plastiki mna nyuzi ndefu ambazo jicho halizioni. Ikiwa ya moto, nyuzi hizo hutembea, za tiyo hii zinaingia kwa tiyo ile. Ikipoa polepole zinapata muda wa kujipanga, zinalala pamoja, zinabana, kama nywele za mtoto aliyekubali kutulia asukwe. Nguvu ya kiungo iko katika huko kujipanga. Sasa wewe umwagie maji. Ngozi ya nje inakuwa ngumu mara moja, nyuzi zinaganda pale pale zilipokuwa, ovyo, na katikati bado ni moto. Katikati nako kunataka kupoa, kunataka kujikunja, lakini ngozi imeshakuwa ngumu, haifuati. Basi kunajivuta kwenyewe. Panabaki tundu, au panabaki mvutano usioonekana. Kwa nje unaona mdomo unang'aa, mzuri, unaweza kuupiga picha. Ndani hamna kitu.

Utaniuliza kwa nini nayajua haya yote na bado nilifanya nilichofanya. Kujua ni kitu kimoja. Siku ile ilikuwa kitu kingine.

Tulimzika Maman yako Nkungu, kwenye shamba la baba yake, asubuhi ya ukungu. Tukarudi Kamembe kukaa kilio. Watu walijaa uani, moto ukawashwa, benchi zikaletwa kutoka kanisani, akina mama wakalala na wewe kwenye mikeka sebuleni hapa hapa ninapoandika. Unaijua desturi yetu: muda wa kilio hakuna anayeshika jembe, hakuna anayeshika nyundo. Watu wanakaa. Wanazungumza upuuzi, wanacheka hata, halafu mmoja anakumbuka na wote wanalia. Mpaka siku ya kuondoa kilio, mkubwa wa familia anasema neno lake, mikono inanawishwa, ndipo kila mtu anarudi kwenye kazi. Nilikuwa naona desturi hiyo kama kupoteza muda. Niliwahi kumwambia Maman yako hivyo, na yeye akanijibu kwamba mimi hata nikifa mwenyewe nitaomba ruhusa nikamalizie kazi ya shantie kwanza.

Asubuhi iliyofuata mazishi niliamka mapema, nikakugusa bega pale kwenye mkeka. Patron, mwenye kazi, alikuwa amepiga simu. Laini ya maji ya Nkungu ilikuwa inakaribia kwisha na mvua ilikuwa imeanza kutisha. Angekubali kungoja, Neema. Hilo ndilo sijawahi kukuambia: yule mtu aliniambia pole, akaniambia chukua muda wako. Ni mimi niliyesema tunakuja. Nilikuwa siwezi kukaa katika nyumba ile. Kila mtu aliyeingia alinishika mkono na kunitazama usoni, na mimi sikutaka kutazamwa.

Ukafungua macho ukasema, "Papa, bantu bangali banakaa kilio. Tunaenda wapi?"

Nikakujibu kwamba maji yanangojewa na watu. Maman mudogo Vumilia alisimama mlangoni na kanga yake begani, akaniambia, "Shemeji, kilio haiyaisha. Utashika kazi namna gani?" Nikampita. Ukanifuata kwa sababu mimi ni baba yako, na kwa sababu hukuwahi kunikatalia, nami nikalitumia hilo kama mtu anavyotumia kamba.

Kule juu upepo ulikuwa ule wa Nkungu, unaoingia kwenye mifupa. Sahani ya moto ilikuwa inapoa kabla hatujaitumia. Tulipaswa kufunga hema dogo, tungoje, tuiache ipande moto tena. Kila mahali kuna kungoja kwake: Bugarama joto linafanya kiungo kikatae kupoa, mpaka vijana wanalala chini ya mti wakikitukana, Nkungu baridi inataka kukiiba kabla hakijashikana. Yote nilikufundisha mimi mwenyewe. Siku ile sikufunga hema. Wewe ulikuwa umeshika mkono wa kile chuma cha kushikilia, unalia. Hukuwa unapiga kelele, machozi tu yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni, na hukuweza kuyafuta kwa sababu mikono yako yote miwili ilikuwa imebeba kazi yangu. Mawingu yalikuwa yanashuka mlimani. Nikachukua bidoni, nikaanza kumwagia kiungo maji.

Ukaniambia, taratibu sana, "Papa, weye mwenyewe ulinikatazaka."

Nikasema, "Leo tunamwaga. Na weye pia nyamaza, machozi haiunge tiyo."

Ulipoachia chuma ukafuta uso na mkono wa koti, mara moja, na uso ukakauka. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, nikajiambia mtoto wangu ana nguvu. Tulipita viungo vingine namna hiyo hiyo mpaka giza likaingia. Siku ya kuondoa kilio ilipofika sisi tulikuwa mlimani, tumejaa udongo, na kaka mkubwa wa Maman yako alisema neno lake mbele ya viti viwili vitupu.

Tangu siku ile sijakuona ukilia.

Najua mahali nilipojifunza hili, na sikuandikii ili unionee huruma, nakuandikia ili ujue mkondo unatoka wapi. Sisi tuliokulia Bukavu tulirudi huku tukiwa na mabunda kichwani. Wiki ile tulikuwa tumemzika mdogo wangu, alikuwa bado ananyonya. Maman yangu alikuwa anatembea akilia, na baba akasema hakuna kulia mpaka tufike. Tukavuka daraja la Rusizi kuingia Rwanda tumenyamaza. Tukapanda mpaka Kamembe tumenyamaza. Tukapewa kiwanja, tukajenga, tukalima, na hakuna mtu aliyetuambia kwamba tumefika. Baba alikufa bila kutuambia. Nilikuwa mtu mzima nina mke na mtoto, na bado nilikuwa njiani.

Maman yako ndiye aliyeliona hilo. Aliliona tangu siku ya kwanza, na siku ya kwanza yenyewe ilikuwa ya aibu. Unaijua nusu yake tu. Kabla ya tiyo nilikuwa natengeneza mitumbwi iliyopasuka ya wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na rezini. Rezini ni kitu kingine kabisa. Ni uji mzito, unautia dawa ya kuugandisha, nao unajipasha moto wenyewe na kuwa mgumu. Siku ya baridi inakuwa mvivu, inanata mpaka jioni. Wavuvi wa Nkombo walikuwa wanangoja mtumbwi wao ili warudi kisiwani, wananisukuma, nami nikaona nitie dawa mara mbili ili niwaridhishe. Ndoo ikaanza kuwa moto mikononi mwangu. Ikatoa moshi. Ikapasuka kwa mlio, na iliyokuwa tayari kwenye mtumbwi ikapasuka vilevile, mistari mistari. Msichana mmoja aliyekuwa anauza mandazi pale ufukoni akaweka beseni lake chini ili acheke vizuri. Akaniuliza, "Weye, unatengeneza mtumbwi ao unapika sambaza?"

Nilimkasirikia wiki nzima. Halafu nikaanza kununua mandazi.

Siku ile nilijifunza tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoninyima usingizi siku hizi. Tiyo ikiungwa vibaya, unakata pale palipoharibika, unaparua, unayeyusha tena. Inakubali. Plastiki ya tiyo inasahau, ukiipa moto na muda inaanza upya. Rezini haisahau. Ikishakuwa ngumu imekuwa ngumu. Ukiirudishia moto haiyeyuki, inaungua. Ule mtumbwi nilipiga patasi siku nyingi kuondoa kilichopasuka, na mengine yalitoka na ubao.

Sasa rudi Nkungu. Unakumbuka tulipojaribu ile laini kwa mara ya kwanza, maji yalipita, watu wakapiga makofi, mwenyekiti wa kijiji akanawa uso. Kilichotokea baadaye nilikuficha, nikakuambia nakwenda kukagua tu. Mvua kubwa ilipokwisha na maji kujaa juu yakasukuma kwa nguvu, kile kiungo cha kwanza tulichokimwagia maji kiliachia. Hakikuvuja kidogo kidogo ili mtu apate onyo. Kilikuwa kizima jioni, asubuhi kilikuwa vipande viwili, na shamba la maharage la mama mmoja mjane lilikuwa limeteremka bondeni. Nilichimba nikakitoa, nikamwendea patron na yule mama nikawaambia ni mkono wangu, tukalipanda shamba upya. Halafu nilikaa na kile kipande magotini. Mdomo wake wa nje ulikuwa mzuri, mduara mzima. Mahali kilipoachia palikuwa laini kama sahani, nyuso mbili zilizokutana zikasimama karibu karibu, wala hazikuwahi kushikana. Kilikuwa kimebeba maji miezi yote ile kwa ngozi tu.

Nikakufikiria wewe. Tena nikalia, Neema, peke yangu kwenye tope la watu, mzee mzima. Wala sikuja nyumbani kukuambia.

Kwa sababu na wewe umekuwa unang'aa. Kila mtu ananisifia. Padri amenisifia. Uliosha vitenge vyote vya Maman yako na kuvigawa kwa mchana mmoja, ukaita wenye kuvichukua kwa majina, bila sauti kutetemeka. Kwenye shantie hukosei. Nyumbani unapika, unafagia, unacheka pale panapotakiwa kicheko. Umefanya mtihani wa kiwanda ukawapita wavulana wote. Jirani zetu wanasema, yule mtoto ni chuma. Nami kila nikisikia hivyo naona ule mduara mzuri.

Wiki iliyopita ulirudi sokoni na sambaza. Yule mama anayeuza samaki pale mbele ya soko alikuja baadaye kuniomba msamaha, akaniambia hakuwa na habari, alikuwa amesafiri. Alikuwa amekuuliza Maman yako yuko wapi siku hizi, mbona hapiti, na wewe ukamjibu, "Hayuko," ukaendelea kuchagua samaki. Lakini mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni ulipokuwa unazikaanga. Zilikuwa zimeshakuwa nyeusi. Moshi ulikuwa umejaa mpaka darini, mafuta yanaruka yanakuchoma mkono, na wewe umesimama na kijiko unatazama ukuta. Hukuwa unaona. Nilipaswa kuingia. Ningekuja, nikuondolee sufuria, nikushike. Nikarudi nyuma taratibu, nikaenda kukohoa uani ili ujue nipo karibu. Tukala sambaza zilizoungua, tukasifu chumvi.

Nimefanya makosa mengi katika kazi na hili nimelifanya mara mbili. La mlimani nililifanya kwa haraka. La jikoni nililifanya kwa woga, na woga ni mbaya zaidi, maana mwenye haraka angalau anagusa kitu.

Kesho unakwenda mahali ambapo hakuna anayejua kwamba ulifiwa. Watakupa kazi, watakupa shinikizo, kila mtu mpya hupewa. Watakuona mtulivu, watakuongezea. Nami nitakuwa huku, milima yote ile katikati. Siogopi wanaume wa Kigali wala baridi wala njaa. Naogopa siku moja jambo dogo tu, kikombe kimeanguka, mtu amekuuliza swali la kawaida, na wewe uachie mara moja, usiku mmoja, na hapo pembeni pasiwe na muntu wa kwenu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuficha. Mimi ndiye niliyekufunika.

Sijui wewe ni wa namna gani, wa tiyo au wa rezini. Baba mtu anapaswa kujua. Nikikutazama ukiwa umelala naona mtoto ambaye angeweza kuyeyuka kesho asubuhi kwa neno moja. Ukiamka na kuniambia "Papa, chai iko tayari," naona kwamba labda nimechelewa, labda kilichobaki ni patasi tu, na kila nitakachobandua kitatoka na ubao. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kimeuma. Maman yako angejua. Angeangalia namna unavyoshika kikombe akajua.

Ningependa nikuambie usiende. Nimeanza sentensi hiyo mara nyingi jioni hii. Halafu nimeona kwamba hiyo pia ni kukumwagia maji, ni mimi tena kuamua lini upashwe moto na lini upoe. Kwa hiyo sikumpigia simu mtu wa kiwanda kuomba wakuongezee siku, ingawa namba yake ninayo na nimeitazama sana. Ukitaka, mwombe wewe. Usipotaka, panda basi lako, na baraka yangu unayo, unayo yote, ukilia au usipolia. Wala usinisamehe pale gare ya mabasi kwa sababu dereva anapiga honi. Msamaha wa namna hiyo ungekuwa kiungo kingine cha haraka, nami ninavyo vya kutosha.

Ila sitakusindikiza. Vumilia atakubebea sanduku, nimeshamwomba, na amenitazama kama alivyonitazama siku ile mlangoni, lakini akakubali. Shantie nimeiaga. Patron ameniuliza ni ugonjwa, nikamwambia si ugonjwa, ni kazi niliyoiacha nusu.

Kesho asubuhi nitatandika mkeka na kukaa chini, siku zote zile nilizokunyima, na chuma sitakigusa mpaka kaka wa Maman yako aje kusema neno lake upya. Nitakaa na wewe kama ukibaki. Ukienda nitakaa peke yangu, na utakuwa unajua, huko uliko, kwamba kwenu bado kuna mtu amekaa. Majirani watapita, watashangaa, watauliza nani amekufa hapa. Nitawajibu kwamba ni mke wangu.

Papa